Uliza kabla hujavua kanga: Ya kujua unapokwenda spa kwa mara ya kwanza



Ndugu wasomaji, wiki hii safu yetu inaingia mahali ambapo wengi wetu hupita nje tu na kusoma kibao: spa. Zamani nyumba hizi zilikuwa za mahoteli ya watalii. Leo ziko mitaani kwetu, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi, juu ya duka la vitambaa au nyuma ya saluni ya kusuka. Bibi harusi hupelekwa siku chache kabla ya ndoa. Mama aliyetoka arobaini hulipiwa na mashoga zake. Mwenye maumivu ya mgongo huambiwa na jirani, "nenda ukakandwe, utapona."

Anayekwenda kwa mara ya kwanza huingia kama mgeni aliyefika nyumba ya watu usiku. Hajui avue nini na abaki na nini. Hajui anachopakwa. Akiulizwa, "Dada, una tatizo lolote la kiafya?" hujibu "sina" haraka haraka ili yaishe. Jibu hilo ndilo somo letu la leo. Haya ni katika imani, hilo hatuna shaka nalo. Lakini Bibi Aisha (r.a) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na wao walikuwa wakimuuliza Mtume (s.a.w) mambo ya ndani kabisa ya mwanamke. Basi nani kati yetu ana haya kuliko wao, hata ashindwe kuuliza taulo hili limefuliwa lini?

Jambo lenyewe si geni katika pwani yetu. Kule Kidichi, Unguja, yapo magofu ya hamamu iliyojengwa mwaka 1850 katika utawala wa Sayyid Said, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Na mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe umepata jina lake kutokana na hamamu ya watu wote iliyojengwa zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Leo watu huingia kuitazama tu, maji hayamo. Zaidi ya hamamu, bibi harusi wa pwani alisingwa nyumbani na somo wake, kwa singo na liwa na asumini, mlango umefungwa na kila aliyemo chumbani anajulikana ni binti wa nani. Kilichobadilika ni hicho. Leo anayekugusa humjui, na chupa aliyoishika hujui kilichomo.

Wanachuoni wetu nao waliliandikia jambo hili zamani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliweka adabu za hamamu ndani ya kitabu chake cha Ihya, katika mlango wa tohara. Alitaja kuwa mtu ana wajibu juu ya aurat yake mwenyewe, asiionyeshe na asiiachie mkono wa mwingine kuigusa, na ana wajibu juu ya aurat za wenzake, ainamishe macho yake na akataze anapoona imefunuliwa. Akaongeza mambo mawili ambayo mpaka leo yana faida. La kwanza, mtu atoe ujira kabla ya kuingia, ili pasiwe na kutojulikana nani anadai nini. La pili, asikimbilie chumba cha joto kali mpaka kwanza atoke jasho katika chumba kilichotangulia. Hilo la pili ukimwambia daktari wa moyo leo atatikisa kichwa kukubali.

Tuanze na simu. Usiende kwanza ukauliza baadaye, piga simu ukiwa nyumbani. Uliza kama kuna siku au saa za wanawake peke yao, na uulize kwa maneno yaliyo wazi: je, mhudumu wangu atakuwa mwanamke, na je, kuna mwanamume yeyote anayepita humo ndani, hata fundi wa umeme au kijana wa taulo? Sehemu nyingi watakwambia "ni ya wanawake" wakimaanisha mkandaji tu, kumbe ukumbi wa kusubiri ni wa wote. Uliza bei ya kila huduma na uulize nini kimo ndani ya hiyo wanayoiita "pakeji". Uliza pia kama kuna mahali pa kuswalia. Huduma kamili huchukua saa mbili hadi tatu, na ukiingia saa tisa alasiri utajikuta Magharibi inakukuta na mafuta kichwani. Katika Ramadhani ni bora uende usiku, maana mvuke hutoa jasho jingi na aliyefunga hana cha kurudishia.

Siku ya kwenda, kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, kunywa maji, na dhahabu ziache nyumbani. Chukua kanga mbili, nguo ya ndani ya kubadilisha na kandambili zako mwenyewe. Kandambili si ushamba. Fangasi wa miguu huishi vizuri kwenye sakafu ya majimaji, na mguu ulioingia peku ndio unaoibeba kwenda nyumbani kwa watoto.

Ukifika utapewa fomu, au mhudumu atakuuliza kwa mdomo. Wasipokuuliza lolote kuhusu afya yako, hiyo peke yake ni sababu ya kufikiri mara mbili kuhusu nyumba hiyo. Hapa ndipo tunapotaka akina mama watulie wajibu kwa ukweli.

Kama una mimba, au unahisi unayo, sema, hata kama bado hujamwambia mtu mwingine. Joto linalopandisha hali ya mwili kupita nyuzi 39 linaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya mwanzo, wakati uti wa mgongo na ubongo vinajengeka. Kwa hiyo chumba cha mvuke, sauna na beseni la maji ya moto si vyako kwa sasa. Kukandwa kunawezekana kwa mtu aliyesomea kukanda wajawazito, ukiwa umelala ubavu mimba inapokua, na baada ya kuzungumza na mkunga wako wa kliniki.

Mwenye presha anayetumia dawa ajue kuwa joto hutanua mishipa ya damu na kuishusha presha. Dawa nayo inashusha. Vikikutana, mtu husimama ghafla akaona giza, akaanguka kwenye vigae. Aliyepata mshituko wa moyo karibuni, au anayebanwa na kifua akipanda ngazi, asiingie kwenye joto mpaka daktari wake amruhusu.

Mwenye kisukari ana mambo mawili. Anayejidunga insulini, joto huifanya insulini iingie mwilini kwa kasi zaidi, na sukari inaweza kushuka sana. Awe na kitu kitamu karibu. La pili ni miguu. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo, hata maji ya moto ya kuunguza asiyasikie. Asikubali kukatwa ngozi ya kisigino kwa wembe wala kukwanguliwa kwa nguvu. Kidonda kidogo cha mguu wa mwenye kisukari tunajua kinakoishia, na wodi zetu za upasuaji zinajua zaidi.

Na kuna hili ambalo watu hawalifikirii. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kupata joto, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Hutokea zaidi baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, au baada ya safari ndefu ya basi au ndege. Mguu huo haukandwi hata kidogo, kwani donge linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu na kuua. Mama aliyejifungua karibuni na kuzawadiwa masaji na mashoga zake, hili ni lake hasa. Mguu wa namna hiyo unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye pumu ataje pumu yake, maana udi na mafuta makali ya kunukia huweza kumbana. Asiyepatana na karanga, korosho au lozi aulize mafuta yametokana na nini. Mwenye upele wa kuambukiza, majipu au kidonda kibichi asubiri apone, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake.

Baada ya hapo utaonyeshwa chumba cha kubadilishia. Utavua nguo za nje ujifunge kanga au taulo, kisha uoge maji ya vuguvugu. Simu yako izime na uiweke mbali, na ukimwona mwenzako anapiga picha humo ndani mwambie aache, au mwite msimamizi. Hilo halina aibu. Picha ya mwanamke aliyejistiri maisha yake yote inaweza kuzunguka mji mzima kabla hajafika nyumbani.

Chumba cha mvuke kina joto la nyuzi 40 hadi 50 hivi, lakini unyevu wake ni mwingi sana, ndiyo maana pumzi huonekana nzito. Sauna ni kavu, na joto lake hufika nyuzi 70 hadi 100. Anayeanza zinamtosha dakika tano hadi kumi. Kaa benchi la chini, kwani joto hupanda juu. Ukisikia kichwa chepesi, moyo unakwenda mbio au kichefuchefu, toka bila kumwomba mtu ruhusa. Wapo wanaosema ukivumilia ndipo "sumu" inapotoka. Hayo ni maneno ya biashara. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu yake kubwa, na kazi yake ni kupoza mwili. Kazi ya kuondoa taka katika damu Mwenyezi Mungu ameikabidhi ini na figo. Hata kilo utakayoipungua ukitoka humo ni ya maji, itarudi ukinywa bilauri mbili tatu.

Kama umechukua hamamu ya Kimoroko, ambayo jamaa zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wameizoea sana, utapakwa sabuni nyeusi laini ya mafuta ya zeituni, utaachwa nayo dakika chache, kisha utasuguliwa kwa glovu yenye mikwaruzo. Utaona vijiti vyeusi vya taka vikitoka mwilini na utashangaa. Usifadhaike, wewe si mchafu. Ni ngozi iliyokufa ambayo kila mtu anayo. Msuguo mzuri huacha ngozi ikiwa na joto na wekundu kidogo. Ukiwa unauma, mwambie apunguze. Aliyenyoa au kutoa nywele kwa waksi siku hiyo hiyo asisuguliwe, atabaki na vidonda vidogo ambavyo wadudu huingilia.

Glovu ile iwe mpya, au ununue yako uende nayo nyumbani. Sasa tumefika kwenye usafi wa vifaa, na hapa tusitafune maneno. Wembe ni wa mtu mmoja, ufunguliwe mbele yako na utupwe mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata pale damu isipoonekana kwa macho. Mikasi na vibano vya kucha vioshwe kwa sabuni na maji kisha vitakaswe kwa mashine ya joto au dawa ya hospitali. Kufuta kwa kitambaa chenye spiriti si kutakasa. Jiwe la kusugulia miguu haliwezi kutakaswa vizuri kwa sababu ya vitundu vyake, hivyo nenda na lako. Waksi ichotwe kwa kijiti kipya kila mara. Kijiti kikigusa mwili wako kikarudi kwenye sufuria, basi sufuria ile imebeba kila aliyetangulia. Shuka la kitanda cha kukandia libadilishwe ukiwa unaona. Ukiuliza haya mwenye spa akanuna, nyumba ni nyingi.

Kukandwa kwenyewe hufanyika ukiwa umelala, umefunikwa, na hufunuliwa sehemu moja tu inayoshughulikiwa, mkono au mgongo, kisha hufunikwa tena. Kwa wanawake wa Kiislamu baina yao, kauli ya wanachuoni walio wengi ni kuwa aurat ni kuanzia kitovu hadi magoti. Kuhusu mhudumu asiyekuwa Mwislamu wamekhitalifiana, na ni vyema umuulize sheikh wako kabla, si ukiwa umeshalala kitandani. Hivyo mapaja na makalio hayafunuliwi wala hayakandwi kwa madai ya kuwa "ndiyo huduma yenyewe". Mwambie mwanzoni: mgongo, mabega, mikono, na miguu kuanzia chini ya goti. Mhudumu aliyefunzwa hukubali bila maneno. Nywele za siri ni katika sunna za maumbile kuziondoa, lakini kila mtu ajiondolee mwenyewe nyumbani. Kutinda nyusi hadithi imeshalikemea, kwa hiyo wakikupa bure ndani ya pakeji iache. Rangi ya kucha na kucha za bandia huzuia maji ya udhu; mafuta ya kawaida yasiyoacha tabaka hayazuii.

Kwa wanaume maneno ni machache. Hadithi aliyoipokea Jabir (r.a) inamtaka mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho asiingie hamamu bila shuka ya kujifunga. Mkandaji awe mwanamume. Nyumba inayotangaza "masaji" kwa picha za wasichana, yenye taa hafifu na mlango unaofungwa kwa ndani, kila mtu anajua inauza nini.

Tumebakiwa na chupa. Ndani ya spa kuna huduma inayoitwa kwa majina mazuri, kung'arisha, kusafisha rangi, "glow" ya bibi harusi. Mara nyingine ni singo safi. Mara nyingine ni mkorogo. Mkorogo unaweza kuwa na zebaki, hydrokwinoni, au dawa kali za steroidi ambazo daktari huziandika kwa uangalifu. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na haimwishii aliyepakwa. Hubaki kwenye taulo, shuka na mikono, na mtoto mchanga anayebebwa na kunyonya huipata. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, ikapasuka mistari na kushindwa kupona ikijeruhiwa. Vipodozi vya zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini marufuku haizuii mtu kuchanganya kwenye ndoo chumba cha nyuma. Sheria yako iwe hii: kisicho na lebo hakipakwi. Kikiwa na lebo isome, na anayekuahidi weupe kwa siku tatu mwogope.

Hina nayo iangalie. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia na huchukua saa kadhaa kukolea. Ile inayotoka nyeusi tii kwa nusu saa ina piko, dawa ya nywele ambayo kemikali yake ya PPD huweza kuleta malengelenge na kovu la kufuata maua yale yale yaliyochorwa. Bibi harusi ambaye hajawahi kuitumia bora aikatae. Na kitu chochote kigeni kijaribiwe kwanza kwa tone moja ndani ya mkono, akisubiri siku mbili, ndiyo maana tunasema siku ya spa isiwe mkesha wa harusi. Iwe wiki moja kabla.

Ukimaliza, inuka polepole: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Kunywa maji, pumzika robo saa kabla ya kushika usukani au kupanda bodaboda. Mwili kuwa mzito siku hiyo na misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Uso kuvimba, pumzi kubana, malengelenge, kigimbi kuvimba, au mjamzito kutoka damu, si kawaida, na havingojei asubuhi. Nenda hospitali, na jina la ulichopakwa, au chupa yenyewe ukiweza kuipata, uende nalo mkononi.